Spirited Away au Princess Mononoke: uanze na ipi?

Mtu akiniuliza aanzie wapi na filamu za katuni za Kijapani, majina mawili hunijia kabla ya mengine yote: Princess Mononoke ya mwaka 1997 na Spirited Away ya mwaka 2001. Zote mbili ni kazi za Hayao Miyazaki, aliyeziandika na kuziongoza mwenyewe. Zote zimetoka Studio Ghibli, muziki wake ni wa Joe Hisaishi, na tangu Machi 2020 zinapatikana Netflix kwa sisi tulio nje ya Japani na Marekani. Ukisoma maelezo yake mafupi utadhani ni pacha: kuna kijana aliyetoka kwao, kuna mizimu, kuna binadamu walioharibu maji na misitu. Lakini ukikosea ya kuanza nayo, unaweza kumkimbiza mtu asirudi tena.

Nasema hivyo kwa sababu nilikosea. Mtoto wa kaka yangu alikuwa na miaka tisa nilipomwekea Mononoke jioni moja baada ya chakula, nikiamini kwamba katuni ni katuni. Dakika tano hazikuisha. Nguruwe mwitu mkubwa kuliko gari anatoka msituni mbio, mwili mzima umefunikwa na kitu kama minyoo myeusi inayochezacheza, na kila anapokanyaga majani yanakufa. Mtoto akanishika mkono kwa nguvu. "Shangazi, huyo nguruwe wamemfanya nini?" Sikuwa na jibu fupi. Nikazima. Wiki iliyofuata nikamwekea Spirited Away, na hiyo akaimaliza bila kuondoka kwenye mkeka.

Swali lake limenikaa mpaka leo, maana lilikuwa swali lenyewe. Hakuuliza nguruwe anataka nini, aliuliza amefanywa nini. Filamu nzima ya Mononoke ni jibu la swali hilo, na jibu linachukua saa mbili na dakika kumi na tatu.

Kwanza, maneno mawili

Majina ya Kijapani ya filamu hizi yanasema mengi, na msomaji wa Kiswahili ana bahati kwamba hahitaji kufafanuliwa sana. Mononoke si jina la mtu. Ni neno la zamani la pepo mwenye kinyongo, anayemwingia mtu na kumwuguza. Mtu wa pwani akisikia hivyo anajua tunazungumzia kupagawa. Spirited Away kwa Kijapani ni Sen to Chihiro no Kamikakushi, na hilo neno la mwisho maana yake ni kufichwa na miungu. Mtoto alipopotea bila kuonekana tena, wazee wa Japani walikuwa wakisema miungu imemficha. Kwetu wangesema amechukuliwa na majini. Neno kami hutafsiriwa kama mungu, ila usilichukue kwa maana ya Mwenyezi Mungu tunayemwomba msikitini au kanisani. Kami anaweza kuwa wa mto fulani, mti fulani au mlima fulani, na wapo wengi. Neno mzimu liko karibu zaidi, ingawa nalo halitoshi, kwa kuwa mzimu wetu mara nyingi ni wa mtu aliyekufa.

Ukishayabeba hayo mawili, uko mbele ya watazamaji wengi wa Ulaya walioziona filamu hizi na kudhani kila kiumbe kimebuniwa na mchoraji.

Tanzu zinagombana, tanzu zinapanga nyumba moja

Mononoke imewekwa katika Japani ya enzi ya Muromachi, yaani kati ya karne ya 14 na ya 16. Ukisikia hivyo unategemea filamu ya masamurai, na Wajapani wana utamaduni mkubwa wa filamu hizo. Miyazaki anakupa mazingira yale yale, kisha anawasukuma masamurai pembeni. Wanapotokea ni waporaji wa vijiji, au jeshi la bwana mmoja anayetamani chuma cha wengine. Shujaa ni Ashitaka, mwanamfalme wa Waemishi, watu wa kaskazini mashariki ambao dola ya Yamato iliwashinda na kuwasukuma mbali karne nyingi nyuma. Kijiji chake kimejificha na kinapungua watu. Kwa hiyo macho tunayotazamia Japani hii ni ya mtu ambaye historia rasmi ilishamhesabu kuwa hayupo.

Kila kundi analokutana nalo Ashitaka limekuja na utanzu wake, yaani aina yake ya filamu. Kijijini kwao tuko ndani ya hekaya: bibi mpiga ramli anasoma mawe, kijana anakata nywele zake na kuondoka. Kwenye msitu wa mungu-kulungu tuko kwenye visasili, mahali ambapo mbwa mwitu weupe wanasema na vijitu vidogo vyeupe viitwavyo kodama vinatikisa vichwa kwa mlio kama wa njuga za mbao. Ukivuka ziwa ukaingia Mji wa Chuma, unajikuta kwenye filamu ya kiwandani, yenye wafanyakazi, zamu za usiku, utani wa wanawake na malalamiko ya waume zao. Kisha masamurai wanafika na inakuwa vita. Tanzu hizi hazipatani. Zinapigana kama watu wenyewe wanavyopigana, na ndiyo maana mtazamaji wa mara ya kwanza huhisi filamu inamvuta huku na huku. Amekaa tayari kwa mapenzi ya Ashitaka na San, msichana aliyelelewa na mbwa mwitu, mara anaona mkono wa mtu umekatwa kwa mshale.

Wengine huliona hilo kuwa kasoro. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe. Mtu wa kiwandani haishi katika hadithi moja na mungu wa msitu, na Miyazaki hakutaka kuwalazimisha.

Spirited Away inachukua njia nyingine. Chihiro ana miaka kumi, anahama mji na wazazi wake, amenuna kiti cha nyuma cha gari akiwa ameshika maua aliyopewa na rafiki zake. Baba anapotea njia, wanaingia kwenye handaki, na ng'ambo wanakuta vibanda vya chakula visivyo na mtu. Wazazi wanakula, wanageuka nguruwe, na giza likiingia mizimu inaanza kushuka kwenye mashua kuja kuoga. Mahali penyewe ni hamamu kubwa ya ghorofa nyingi. Natumia neno hamamu kwa makusudi, maana Unguja Mjini bado kuna mtaa wa Hamamni, uliopata jina kutokana na bafu la umma lililojengwa zama za Sultani Barghash. Tofauti ni kwamba wateja wa hamamu hii ni miungu waliochoka.

Humu tanzu hazigombani, zimepanga nyumba moja, kila moja na ghorofa yake. Chini kabisa, kwenye boila, ni filamu ya kazi: mzee Kamaji mwenye mikono sita anasaga dawa huku vijidudu vya masizi vikibeba makaa ya mawe, na visipofanya kazi vinarudi kuwa masizi matupu. Ghorofa za kati ni vichekesho vya vyura na wanawake wasafishaji wanaokimbizana na ndoo. Juu kabisa, kwenye mazulia na vyungu vikubwa vya kauri, ni ngano ya mchawi: Yubaba, bibi mwenye kichwa kikubwa na pete nyingi vidoleni, na mtoto wake mchanga mkubwa kama tembo. Nje ya nyumba ni hadithi ya mizuka. Na katikati ya yote, kama uzi unaoshona kitambaa, kuna mtoto anayetafuta namna ya kuwakomboa wazazi wake. Chihiro anapanda na kushuka ngazi na lifti, nawe unahama utanzu bila kuhisi mshtuko, kwa sababu umemshika mkono mtu mmoja tu.

Kwa mtazamaji mpya, hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote. Mononoke inakutaka usimame katikati ya watu wanaogombana. Spirited Away inakupa mtoto wa kumfuata.

Risasi na baiskeli

Sasa ishara, maana wengi wanaouliza kuhusu filamu hizi wanataka kujua "zinamaanisha nini". Nitachukua kitu kimoja kutoka kila moja.

Katika Mononoke ni kidonge cha chuma. Nguruwe aliyegeuka pepo anapokufa, bibi mpiga ramli anakuta ndani ya mwili wake kipande kidogo cha chuma, kitu cha kukaa kiganjani. Ndicho kilichomvunja mifupa, kikamwozesha ndani na kumjaza chuki mpaka akawa laana inayotembea. Ashitaka, aliyemuua nguruwe huyo na sasa ana alama ya laana mkononi na amehukumiwa kufa polepole, anakichukua na kwenda magharibi kutafuta kimetoka wapi. Anafika Mji wa Chuma na kukiweka mbele ya Bi Eboshi, mkuu wa mji. Eboshi hakatai. Anakiri kwamba ni risasi yake, na anasikitika kwamba nguruwe yule hakumlaani yeye.

Hapo katuni nyingi zingekuwa zimempata adui. Miyazaki anamfanya Eboshi amchukue Ashitaka kwenye bustani yake ya siri. Ndani wamelala na kukaa watu waliofungwa bendeji mwili mzima. Ni wagonjwa wa ukoma. Ndio wanaomtengenezea bunduki, na anawataka watengeneze nyepesi zaidi ili wanawake wa mji waweze kuzibeba. Mkono wa Ashitaka wenye laana unasisimka wenyewe, unataka kumuua Eboshi pale pale. Mzee mmoja aliyelala, asiyeonekana sura kwa bendeji, anamsihi amwache, kwa sababu Eboshi ndiye peke yake aliyewaona kuwa watu, akaosha nyama zao zilizooza kwa mikono yake.

Ukumbuke wakati filamu hii ilipotoka. Japani ilikuwa na sheria za kuwatenga wagonjwa wa ukoma tangu mwaka 1907, na sheria ya mwisho ya namna hiyo ilifutwa 1996, mwaka mmoja tu kabla ya filamu. Dawa ilikuwepo miongo mingi, lakini watu walizeekea kwenye kambi, mbali na ndugu. Miyazaki alitembelea kambi moja ya aina hiyo, Tama Zenshoen, iliyo Tokyo, na ameeleza hadharani kwamba aliyoyaona kule yaliingia kwenye filamu. Kwa hiyo wale watu wa bendeji si pambo la enzi ya kale. Ni raia wenzake waliokuwa bado hai, na ambao mahakama ya Kumamoto iliwapa haki dhidi ya serikali mwezi Mei 2001.

Wanawake wa mji nao wana historia. Eboshi alinunua mikataba yao kutoka madanguro, akawapa kazi ya kukanyaga mivukuto ya tanuri. Ni kazi ngumu, wanakesha nayo, lakini wanakula vizuri na hawagombezwi na mwanamume yeyote. Mji unaoua msitu ndio huo huo uliowapa hifadhi waliotupwa na kila mtu. Ukimchukia Eboshi, uwaambie wale wanawake warudi wapi? Ukimpenda, utamwambia nini Moro, mama mbwa mwitu, ambaye ana risasi ya Eboshi mwilini? Ishara za Mononoke ni ngumu kwa sababu hazisimami badala ya kitu kingine. Chuma ni chuma. Msitu ni msitu. Hakuna fumbo la kufumbua na kulala ukiwa umeridhika.

Katika Spirited Away kitu chenyewe ni usukani wa baiskeli.

Chihiro ameshapata kazi, kazi chafu kuliko zote, na siku moja usiku anakuja mteja anayenuka kiasi kwamba wali kwenye sinia unaoza anapopita. Ni mlima wa matope unaotembea. Wote wanajificha, Chihiro anasukumiwa amhudumie. Anazama kwenye maji ya tope, anapapasa, na ubavuni mwa mteja anagusa kitu kimechomoza kama mwiba. Anakifunga kamba. Yubaba, ambaye ni mfanyabiashara mpaka kwenye mifupa, anatambua kuna jambo na kuwaita wafanyakazi wote wavute. Inatoka baiskeli nzima. Nyuma yake yanafumuka matairi, mabomba, magunia, takataka za miaka na miaka, mpaka ule mlima unakwisha. Kinachobaki ni uso wa mzee unaocheka na mwili wa joka la maji safi. Alikuwa mungu wa mto. Sakafuni kaacha dhahabu, na mkononi mwa Chihiro kaacha kidonge cha dawa chungu.

Miyazaki mwenyewe aliwahi kushiriki kusafisha mto na wakatoa baiskeli ndani yake. Hilo linaeleza kwa nini tukio hili lina uzito wa kitu kilichoshikwa kwa mikono. Mpwa wangu alipoliona alisimama. Hakuhitaji mtu wa kumwambia kwamba mito inachafuliwa. Nyumbani kwao kuna mfereji nyuma ya nyumba, na anajua kilichomo.

Ishara za filamu hii ziko namna hiyo. Zinacheza juu juu kama kichekesho au kama uchawi, na chini yake kuna Japani ya miaka ya tisini. Baba wa Chihiro anapoyaona majengo matupu anasema ni bustani ya starehe, zilijengwa nyingi halafu uchumi ukaanguka zikafilisika. Ni sentensi moja, ya kupita. Lakini soko la hisa la Tokyo lilifika kileleni Desemba 1989 na baada ya hapo likaporomoka, na watoto wa umri wa Chihiro ndio waliozaliwa kwenye magofu ya neema hiyo. Dakika chache baadaye baba huyo huyo anakula chakula kisicho chake, akimtuliza bintiye kwamba ana pesa na kadi za benki. Anageuka nguruwe sahani ikiwa mkononi.

Jina

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo Spirited Away inaponigusa kuliko Mononoke.

Yubaba aliapa kumpa kazi yeyote anayeomba. Chihiro ameambiwa aombe kazi na asiache kuomba, hata akitishwa. Anasaini mkataba kwa jina lake kamili. Yubaba anapitisha mkono juu ya karatasi, herufi zinainuka moja moja na kuingia kiganjani mwake, inabaki moja tu. Tangu sasa, anamwambia, wewe ni Sen. Maana yake ni elfu moja, kama namba. Haku, kijana anayemsaidia, alishaibiwa jina zamani na hakumbuki tena, ndiyo maana hawezi kuondoka. Kesho yake asubuhi Haku anamrudishia Chihiro nguo zake alizokuja nazo, na ndani yake kuna kile kikadi cha kwaheri kilichokuwa kwenye maua. Analisoma jina lake, anashtuka kwamba alikuwa ameanza kulisahau. Usiku mmoja tu ulitosha.

Kisha Haku anampa matonge ya wali. Anakula la kwanza, la pili, halafu machozi yanaanza kumtoka, makubwa kama matone ya mvua za masika, na anaendelea kutafuna huku analia. Ni mtoto anakula na kulia.

Mtaani kwetu alikuwepo dada wa kazi ambaye mama mwenye nyumba aliamua kumwita jina jingine, kwa kuwa lake lilifanana na la binti wa pale. Alikaa miaka miwili akiitika jina lisilo lake. Siku alipokuja ndugu yake kumwulizia getini, tulimwambia hapa hakuna mtu wa jina hilo. Kila nikiona zile herufi zinaingia kiganjani kwa Yubaba namkumbuka yeye.

Kuhusu Kaonashi, yule kivuli chenye barakoa nyeupe, watu wamebishana sana. Wapo wanaomwona kama ulafi wa pesa, wapo wanaomwona kama upweke. Ukimwangalia kwa makini hizo mbili si mbali. Hana sauti yake. Anammeza chura mfanyakazi na kuanza kusema kwa sauti ya chura, na uroho anaouonyesha baadaye ni uroho aliojifunza mle ndani, kwa kuona wafanyakazi wanavyopiga magoti mbele ya dhahabu. Chihiro anapomtoa nje ya hamamu anatulia, anakaa kwenye treni akiwa ameshika magoti kama mgeni mwenye adabu. Nyumba ile ndiyo iliyokuwa mbaya kwake. Na dhahabu yake, watu walipoitazama tena, ilikuwa udongo.

Na mwisho je?

Spirited Away ina safari ya treni juu ya maji, na hiyo peke yake inatosha kuichagua. Kamaji anampa Chihiro tiketi alizozihifadhi miaka arobaini, za treni ambayo siku hizi inakwenda upande mmoja tu. Abiria wengine ni vivuli. Wanashuka kituo baada ya kituo, taa za nyumba zinawaka mbali, na hakuna anayesema kitu. Baada ya hapo mambo yanafungwa vizuri: Haku anakumbushwa kwamba alikuwa mto Kohaku, uliofukiwa yakajengwa majumba ya kupangisha, na Chihiro anavuka handaki na wazazi wake. Unatoka umepata faraja, ingawa ukiwaza utagundua kwamba mto wenyewe haukurudi. Haku hana nyumbani pa kwenda.

Mononoke haikufungii mlango hivyo. Kichwa cha mungu-kulungu kilichokatwa kinarudishwa, majani yanaota juu ya magofu ya Mji wa Chuma, lakini mungu mwenyewe amekufa. Eboshi amepoteza mkono, na anasema wataanza upya kujenga mji mzuri zaidi. San anamwambia Ashitaka kwamba yeye anampenda, ila binadamu hawezi kuwasamehe. Ashitaka hamsihi. Anakubali: San akae msituni, yeye atakaa mjini asaidie kujenga, na atakuwa anakwenda kumtembelea. Ni posa ya ajabu kuliko zote nilizoziona kwenye filamu, watu wawili wanaokubaliana kubaki pande mbili za ugomvi. Alama mkononi mwa Ashitaka imefifia, haijafutika yote.

Kwa hiyo, chagua hivi

Kama nyumbani kuna watoto wa miaka minane hadi kumi na mbili, weka Spirited Away, na ukae nao. Tukio la wazazi kugeuka nguruwe linatisha, na Kaonashi akishavimba anatisha pia, lakini kila kitisho kina mtu mzima mwema karibu yake. Inachukua saa mbili na dakika nne au tano, na mtoto anaweza kuzihimili.

Kama unataka kumwonyesha mtu anayeamini kwamba katuni ni ya watoto tu, usimpe Spirited Away, hata kama ndiyo iliyochukua Oscar ya mwaka 2003 na tuzo ya Dubu wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Berlin 2002. Ataiona nzuri na kusema "ya watoto". Mpe Mononoke. Marekani iliwekewa alama ya PG-13, yaani tahadhari kwa walio chini ya miaka kumi na tatu, na kwa maoni yangu umri huo ni sawa. Kuna vichwa na mikono inayokatwa, na damu haijafichwa.

Kama kazi yako ni ya ardhi, misitu, migodi au hifadhi, au umewahi kukaa kwenye kikao ambacho wanakijiji, mwekezaji na bwana misitu wote walikuwa na hoja ya kweli, Mononoke ni yako, na uione peke yako mara ya kwanza. Itakuchosha kwa namna nzuri. Mimi nikilazimishwa kubaki na moja nitabaki na hiyo, kwa sababu ya bustani ya Eboshi.

Kama umehama hivi karibuni, umeanza kazi mahali usipojulikana, au uko nchi ya watu ambako jina lako linatamkwa vibaya kila siku, anza na Spirited Away, usiku, sauti ya Kijapani na maandishi chini. Tafsiri za sauti za Kiingereza si mbaya, na ile ya Mononoke maneno yake yaliandikwa na mwandishi wa riwaya Neil Gaiman, ila Kijapani kinaacha ukimya ulipo.

Na usiziweke zote mbili siku moja. Mpwa wangu sasa ana miaka kumi na mbili. Juzi aliniuliza kama nimeshakumbuka kumweleza yule nguruwe alifanywa nini. Nimemwambia tutaitazama likizo ya Desemba mwakani, tangu mwanzo, taa ikiwa inawaka.